Kikohozi cha Dawati la Nyuma

Mpwa wangu yuko kidato cha nne. Wiki mbili za likizo ya Juni alizimalizia kwenye kochi letu, simu mkononi, shuka hadi kidevuni. Siku moja nilipita nyuma yake nikitafuta chaja, macho yakaangukia kioo cha simu, nikasimama hapohapo. Palikuwa na darasa. Vitabu vimerundikwa juu ya madawati hadi vichwa vya wanafunzi havionekani, watoto wamevaa trakisuti za buluu na nyeupe zinazowapwaya, feni inazunguka darini. Mvulana wa dawati la nyuma, karibu na dirisha, akachukua chupa ya maji ya msichana aliyesinzia pembeni yake, akafungua kizibo, akakirudishia kwa kukilegeza, akaiweka chupa pale alipoikuta. Kisha akaendelea na hesabu zake.

Mpwa wangu akapiga ukelele ambao mimi huupiga Simba wakifunga bao dakika ya tisini.

"Kafanya nini?" nikamuuliza.

"Anko, hujaona? Kamlegezea kizibo!"

Nikaketi. Tangu siku hiyo nimetazama tamthilia za mapenzi ya sekondari za China kwa idadi ambayo mwanamume wa umri wangu haitaji hadharani. Na swali limebaki lile la kochini: inakuwaje kizibo cha chupa kimtoe mtu ukelele? Sisi tumelelewa na tamthilia za Mexico na za Ufilipino, ambamo mapenzi hayaendi bila kofi, ajali ya gari, pacha aliyepotea na mama mkwe mwenye sumu mfukoni. Hawa wa China hawana hata kimoja. Episodi nzima inaweza kuisha na jambo kubwa lililotokea ni msichana kuazimwa koti. Na bado mtu haondoki.

Jibu langu ni kuta. Mapenzi haya yamebanwa pande mbili, marufuku upande huu na mtihani upande ule, na nafasi iliyobaki katikati ni upana wa dawati moja. Kila kitu lazima kipite humo.

Tuanze na marufuku. Kichina kina neno zaolian: zao ni mapema, lian ni mapenzi. Mapenzi ya mapema. Katika tamthilia hizi mwalimu akilitamka, linasikika kama jina la ugonjwa wa kuambukiza. Mtoto akishukiwa kuwa nalo, wazazi wanaitwa, madawati yanatenganishwa, na mwalimu wa darasa anachungulia dirishani wakati wa masomo ya jioni, yale ambayo sisi tuliosoma bweni tunayaita prepo. Wakubwa wa tasnia nao wana lao. Mwishoni mwa 2015 vyama vya watengenezaji wa televisheni vya nchi hiyo vilitoa kanuni za maudhui ya tamthilia, na katika orodha ya yasiyotakiwa kuonyeshwa, sambamba na watoto kuvuta sigara, kulewa na kupigana, zaolian imo. Kanuni hizo zilisambaa kwa watu mwezi Machi 2016. Aprili 2016 jukwaa la iQiyi likaanza kurusha With You, episodi 24 za mvulana na msichana wanaokaa dawati moja miaka mitatu.

Ukiitazama unaelewa kwa nini mtu mwenye mkasi angetafuta pa kukata asipaone. Hawashikani mikono. Hawatongozani. Hakuna kati yao wawili anayesema "nakupenda" ndani ya lango la shule. Nisidanganye kwamba kanuni ndiyo iliyozaa ukimya huu, maana riwaya iliyozaa tamthilia ile ilikwishatoka miaka kadhaa nyuma, na shule na nyumba za China zilikwishafanya kazi hiyo kabla ya mamlaka yoyote. Kanuni ilipigilia tu msumari mlango uliokuwa umefungwa tayari.

Ukuta wa pili ni gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu. Ulisimamishwa mwaka 1966 Mapinduzi ya Utamaduni yalipoanza, ukarudishwa Desemba 1977. Msimu ule waliufanya watu wapatao milioni 5.7, wakachukuliwa kama 270,000. Leo vyuo ni vingi, lakini na watu wameongezeka: 2024 walijiandikisha milioni 13.42. Zamani ulifanyika Julai, na tangu 2003 umesogezwa hadi tarehe 7 na 8 Juni kukwepa joto. Siku hizo madereva huombwa wasipige honi karibu na vituo vya mtihani, mafundi ujenzi huzima mashine, na akina mama husimama langoni wamevaa qipao, gauni la kiasili la kubana, kwa sababu silabi yake ya kwanza inalingana na ile inayoanza msemo wao wa ushindi. Alama kamili katika mikoa mingi ni 750, na mtoto anaanza kuzihesabu tangu siku ya kwanza ya kidato cha kwanza cha sekondari ya juu.

Sasa tia mapenzi humo. Wawili wanaopendana kimyakimya hawana sarafu nyingine ya kuahidiana isipokuwa alama. Hawasemi "nitakuoa". Wanasema "twende Beijing". Kwenda Beijing kunahitaji alama, na alama zinabandikwa ukutani kila mwezi watu wote wazione. Mmoja akipata 680 na mwenzake 520, hizo 160 za katikati zimekwishaacha kuwa hesabu za darasani, ni kilomita. Ndiyo maana mtazamaji hutetemeka kwenye tukio ambalo kwa macho ya kawaida ni msichana kushindwa swali la fizikia. Nauli imepungua.

Walimu wa darasa wanaujua uchumi huu kuliko wote. Wao ndio wanaopanga viti, mara nyingi kwa kufuata matokeo: wa kwanza anaingia darasani na kuchagua anapotaka, wa mwisho anachukua palipobaki. Mwaka wa pili unakuja mgawanyo wa michepuo, sanaa huku na sayansi kule. Mageuzi yaliyoanzia Shanghai na Zhejiang mwaka 2014 yameulegeza mgawanyo huo, lakini watunzi wanapenda kuziweka hadithi zao nyuma kidogo, miaka ya 2000, na nadhani sababu mojawapo ni hii: hakuna silaha ya mtunzi kama fomu ya kuchagua mchepuo. Msichana ameishika kalamu. Akili inasema sanaa. Dawati lake liko sayansi.

Hapo ndipo vitu vidogo vinapopata uzito. Paketi ya maziwa iliyoachwa kwenye droo ya dawati asubuhi. Mwavuli mmoja. Kiti cha nyuma cha baiskeli. Waya wa hedifoni uliogawanywa, sikio hili lake, sikio hili langu. Karatasi ya majibu iliyopita chini ya meza. Wachina wana neno la hali hii, anlian, na ile an ni giza. Mapenzi ya gizani, maana yake yale ambayo mwenyewe ameyafungia ndani asimwambie hata anayempenda. Tamthilia nzuri ya aina hii ni mchezo wa kumfuatilia mtu aliyefungia kitu, ukiangalia kinavyovuja.

Sisi watu wa pwani hatuhitaji mwalimu kwa hili. Bibi zetu hawakumwambia jirani neno. Walivaa kanga wakapita mbele ya baraza, anayesoma akasoma. Taarabu nzima imejengwa juu ya kumsema mtu aliyekaa mbele yako bila kumtaja. Kizibo kilicholegezwa ni jina la kanga. Mpwa wangu, ambaye Kichina chake ni maneno matano, alilisoma mara moja. Mimi niliyekuwa natafuta chaja nikahitaji kufasiriwa. Na waliosema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, ni kama walizijua tamthilia hizi: ni episodi 24 za mtu anayebana kikohozi katikati ya darasa la watu hamsini, mwalimu yuko ubaoni.

Niikamate With You vizuri, kwa sababu ndiyo naiona mama yao, na kwa sababu inafanya jambo ambalo wanawe hawajathubutu kulirudia.

Msichana anaitwa Geng Geng. Ni mwanafunzi wa kawaida ambaye bahati ya mwaka 2003, mwaka ambao ugonjwa wa SARS ulivuruga mitihani, inamwingiza Zhenhua, shule ya vipanga. Mvulana ni Yu Huai, kipanga hasa, mpenda fizikia. Yakitamkwa pamoja, majina yao yanatoa sauti ileile ya msemo wa Kichina, geng geng yu huai, maana yake jambo lililokukaa rohoni likagoma kutoka. Mwandishi wa riwaya, Bayue Chang'an, ameweka hatima yote kwenye orodha ya mahudhurio. Wawili wanasikia majina yao yakifuatana, wanacheka, wanakaa dawati moja. Miaka baadaye maana ya msemo ule inarudi kudai chake.

Miaka mitatu ya shule imejaa utamu niliousimulia. Yu Huai anamwelekeza hesabu bila kumcheka, au anamcheka kwanza kisha anamwelekeza. Geng Geng anabaki sayansi ingawa sayansi haimtaki. Wazazi wake wameachana, baba anaoa tena, na kile kipande cha dawati kinakuwa ndiyo nyumba yake isiyohamahama. Yuko na wa tatu, Lu Xinghe, mchoraji, mtukutu, ambaye haoni haya kusema alichonacho moyoni. Anasema, anarudia, anasema tena. Na anakosa.

Hili la Lu Xinghe niliona kama bahati mbaya yake, mpaka nikalikuta tena katika A Love So Beautiful ya 2017. Chen Xiaoxi anampenda Jiang Chen, jirani yake wa jengo moja, mvulana asiyetoa neno ila kwa mizani. Pembeni yuko Wu Bosong, muogeleaji mwenye tabasamu na moyo wa kutoa, anayempenda Xiaoxi waziwazi. Naye anakosa. Ukizitazama kumi utawaona kumi: mvulana mwema, msemaji, anayekuja na mwavuli akautaja kuwa ni mwavuli, na ambaye anatoka mikono mitupu. Katika dunia hii anayesema hupoteza. Fumbo likishafumbuliwa limekwisha thamani.

Turudi kwa Yu Huai. Alikuwa ametegemea mashindano ya fizikia yampe nafasi ya chuo bila kupitia gaokao. Yanamwangusha. Unafika mtihani wenyewe, nao hauendi. Na kijana huyu, ambaye kwa episodi zaidi ya ishirini tumemshangilia kwa sababu hasemi, anafanya alichozoea: hasemi. Anatoweka. Hakuna kuaga, hakuna simu, ahadi ya Beijing inabaki na mtu mmoja. Geng Geng anamtafuta mpaka anachoka, miaka inapita.

Mara ya kwanza nilikasirika, nikadhani mtunzi ameishiwa. Mara ya pili nikaona kwamba ndiyo ncha ya hadithi nzima. Lugha ileile ya kizibo na maziwa, iliyotosha kusema "nakujali", haina neno la kusema "nimefeli, naona aibu, usiniache". Miaka mitatu wamejifunza kuzungumza kwa vitu, na siku maneno yalipohitajika hakuna aliyekuwa nayo. Tamthilia imetuuzia ukimya kama peremende, kisha ikatuonyesha meno yaliyooza. Nyingi zilizofuata zimechukua peremende peke yake.

Na hapa niseme yanayonikera, maana si kila kitu ni waridi.

La kwanza ni hesabu za jinsia. Wachina wana maneno mawili ya mitaani kwa wanafunzi: xueba, mbabe wa masomo, na xuezha, ambapo zha ni mabaki ya kitu kilichokwisha kukamuliwa. Machicha. Sisi tunasema kipanga na kilaza, wao wanasema mbabe na machicha ya masomo, na nadhani wametushinda kwa ukatili. Katika tamthilia hizi mbabe karibu kila mara ni mvulana, machicha ni msichana. Anasinzia darasani, anaangusha vitu, anapata 40 ya hesabu, na mvulana mrefu asiyecheka anashuka kutoka kileleni kumfundisha huku akimwita mjinga. Jiang Chen wa A Love So Beautiful ukimwondolea sura ya mwigizaji Hu Yitian, anabaki kijana mwenye adabu finyu. Tunamsamehe kwa sababu kamera imetuonyesha alivyogeuka kumtazama msichana alipokuwa haoni. Katika maisha kamera hiyo haipo. Yako matoleo yanayokataa mkondo huu, na nalipenda sana lile la My Huckleberry Friends, ambamo Yu Zhouzhou ana akili zake, ana hasira zake, na wavulana ndio wanaohangaika kumfikia. Lakini ni wachache.

La pili ni umri, na hapa nazungumzia Hidden Love ya 2023, iliyowabeba Zhao Lusi na Chen Zheyuan hadi Netflix na kwenye simu za nusu ya darasa la mpwa wangu. Sang Zhi yuko sekondari ya chini anapompenda Duan Jiaxu, rafiki wa kaka yake, mwanafunzi wa chuo, aliyewahi hata kujifanya ndiye kaka mtu ili akamwakilishe kwa mwalimu. Watayarishaji wamekuwa waangalifu: wakati ule hisia ziko upande wa mtoto peke yake, na wanakutana tena yeye akiwa chuoni. Nimeutazama uangalifu huo na bado sikai vizuri kwenye kiti. Nilimwambia mpwa wangu. Akanijibu kwamba na yeye hakai vizuri, ila Chen Zheyuan ni mzuri. Nikaona nisibishane na ukweli uliosemwa kwa uaminifu namna hiyo.

La tatu ndilo kubwa: kilichoachwa nje ya fremu. Shule ya tamthilia ina jua la saa kumi jioni mwaka mzima. Hakuna anayechapwa chooni na wenzake. Hakuna mtoto wa kibarua aliyekulia mjini ambaye, kwa sababu kitambulisho cha makazi cha familia kinasoma mkoa mwingine, analazimika kurudi huko asikokujua kufanya mtihani. Hakuna aliyevunjika. Ukitaka upande huo itafute filamu Better Days ya 2019, gaokao ileile, trakisuti zilezile, na msichana anayewindwa na wenzake hadi kwenye ngazi za nyumbani kwao. Ilipangwa kuonyeshwa tamasha la Berlin Februari 2019 ikaondolewa dakika za mwisho. Ikaahirishwa tena Juni. Ikatoka Oktoba na kujaza kumbi. Kuitazama hiyo baada ya tamthilia tatu za maziwa na mwavuli ni kama kuambiwa kwamba picha ya harusi unayoipenda ilikatwa pembeni, na aliyekatwa alikuwa analia.

Lakini kulaumu tamthilia hizi kwa kutokuwa kweli ni kukosea anayezungumziwa. Haziwahusu sana wanafunzi. Tan Songyun, aliyemwigiza Geng Geng, alizaliwa 1990. Alipovaa sare ile alikuwa na miaka kama 25, na mwenzake wa dawati, Liu Haoran, wa 1997, ndiye aliyekuwa na umri wa kufanana na darasa. Nadhani watazamaji wanaolengwa wako karibu zaidi na Tan Songyun: watu wa ofisini, wenye kodi ya nyumba, ambao sare na feni na harufu ya chaki vinawarudisha mahali ambapo tatizo lao kubwa lilikuwa fizikia. Hadithi nyingi zinaanza na mtu mzima anayekumbuka, sauti yake ikipita juu ya picha. Na kumbukumbu, mnajua wenyewe, hukata pembeni.

Kuna jambo jingine la kizazi hicho ambalo msikilizaji wa Kiswahili anaweza kulipita. Watoto waliozaliwa mijini kati ya 1980 na 2015 walikulia chini ya sera ya mtoto mmoja. Nyumba nyingi za tamthilia hizi zina baba, mama, mtoto, meza ya watu watatu, na macho manne yanayotazama sahani moja. Hakuna kaka wa kugombana naye rimoti, hakuna dada wa kumwambia siri usiku. Sisi tuliokulia sita chumba kimoja hatuwezi kujua uzito wa mtu wa kwanza wa umri wako kukaa karibu yako, kila siku, kuanzia mapambazuko hadi saa nne usiku. Kichina kinamwita tongzhuo, mwenzi wa meza. Nusu ya mapenzi ninayoyaona humo ni njaa ya ndugu, na tamthilia bora zinajua hivyo.

Kwetu tamthilia za China zilianza kuingia kwa mlango mwingine kabisa. Mwaka 2011 TBC ilirusha, kwa sauti za Kiswahili, tamthilia ya bi Doudou na mama wakwe zake, na Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam Machi 2013 akaitaja katika hotuba yake kama jambo la kujivunia. Ilikuwa chaguo la busara: mama mkwe hahitaji tafsiri. Hizi za shule zimepita dirishani, kwa YouTube na bando la usiku, zikiwa na maandishi ya chini ya Kiingereza. Mpwa wangu anasema Kiingereza chake kimepanda kwa sababu yake. Mwalimu wake sijui anasemaje. Juu ya jalada la daftari lake la kemia ameandika jiayou, neno ambalo wahusika wa tamthilia hizi hupeana kabla ya kila mtihani na kila mbio za mita 800. Maana yake, neno kwa neno, ni "ongeza mafuta".

Tena zina sifa moja ya kisebule ambayo wachambuzi wa maana hawaitaji. Unaweza kuziangalia mbele ya bibi. Hakuna anayerukia rimoti. Busu likija, limekuja baada ya shahada ya kwanza.

Hilo si dogo kwa nchi yetu, ambako hadithi ya mapenzi ya shule ina mwisho mmoja tu uliokubaliwa: mimba, kufukuzwa, majuto, mama analia kwenye kanga. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Hadi Novemba 2021 msichana wa Tanzania aliyejifungua hakuruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi wa shule za serikali. Kwa hiyo watunzi wetu wameandika matangazo ya tahadhari na kuyaita maigizo, na mtoto wa miaka kumi na sita anayejisikia kitu moyoni hajapata hata sehemu moja ambapo kitu hicho kimetazamwa kwa upole bila adhabu kusimama mlangoni. Wachina, kwa kukatazwa kuonyesha mapenzi, wamejikuta wakitengeneza hadithi ambayo hisia inaruhusiwa kuwa hisia tu, ikapita, ikafanya mtihani. Ni kejeli, na sidhani aliyeandika kanuni aliikusudia.

Ile ya kizibo hatukuimaliza. Tulifika episodi ya 20, likizo ikaisha, na mpwa wangu akarudi kambini kujiandaa na mtihani wa Novemba. Shuleni kwao simu ni mwiko. Alipokuwa anafunga begi aliniambia maneno mawili matatu kuhusu hela ya matumizi, kisha, bila kunitazama, akiwa anahangaika na zipu:

"Anko, nne za mwisho usiziangalie. Tutaangalia wote nikishamaliza pepa."

Nikamwambia sawa, zile zimekwishanichosha hata hivyo.

Sasa ni Agosti. Nimeangalia nyingine tatu, za watu wengine, shule nyingine. Ile haijaguswa. Wiki iliyopita nilimpelekea sabuni na soksi siku ya wazazi kutembelea, na chini ya soksi nikaweka paketi moja ya maziwa. Sikuandika kitu.